Kujifunza Kihispania ku Uhispania yenyewe, ukilala mu nyumba ya watu: vile utafanya ukitokea Lubumbashi

Siku yangu ya tatu ku Salamanca, mama wa nyumba alipita mbele ya mulango wa chumba changu akasema «el gato está en la cocina», na mimi mutu wa Lubumbashi nikasikia gato, nikawaza leo kuko anivesere ya mutu hapa, nikavaa kandambili mbio mbio mpaka jikoni, nikakuta paka. Paka ya kweli, ya manyoya, imekaa juu ya kiti inaniangalia. Kumbe kwa Kihispania gato ni paka, na gato yetu ya kukata na kugawa wanaita tarta. Mama alicheka mpaka akakaa chini, kiisha akaenda kuhadisia majirani wote wa lile jengo, na mwezi muzima nikikutana na mutu ku ngazi ananiuliza kama keke ilikuwa tamu.

Ile neno sitaisahau mpaka nikufe. Na maneno mingi yenye ninajua leo niliyapata vile vile, jikoni, ku meza, ku mulango wa dushi, hayakutoka mu kitabu. Kwa hiyo mutu akiniuliza kwanza «yaya, masomo ya kule ni bei gani?», ninamujibu bado hatujafika pale, uliza kwanza utalala kwa nani. Klasi ni kama saa ine kwa siku. Saa zingine zote uko na watu, na ukijifungia mu chumba na telefone unapiga masolo na wandugu wa Kamalondo usiku wote, utarudi na sertifika mu sakoshi na kinywa kimefungwa vilevile.

Sasa tuanze kwa mwanzo.

Muji. Madrid na Barcelona ni miji ya kwenda kuangalia, lakini kwa mutu anayeanza mimi sipendi. Barcelona wanasema pia Kikatalani, kiko ku vibao, ku mashule, mu nyumba mingi, utakuwa sawa mutu mwenye alikuja Lubumbashi kujifunza Kifaransa, anafika ku soko ya Kenya anakuta watu wote wanasema Swahili na pembeni Kibemba na Kiluba. Sevilla na Granada ni kuzuri sana, nitarudia, lakini watu wa Andalucía, ile jimbo yenye miji ile mbili iko, wanameza ile s ya mwisho wa neno, masikio ya mugeni inateseka, na mu mwezi wa 7 na wa 8 jua la Sevilla linapita digri 40. Mimi nilichagua Salamanca. Chuo kikuu chao kilianza mwaka 1218, muji wote unaishi na wanafunzi, ni mudogo unazunguka kwa miguu, na watu wanatamka neno lote mpaka mwisho. Shida yake ni baridi, juu muji uko karibu mita 800 juu ya bahari. Utaniambia hata sisi tuko juu, hata sisi tunajua baridi ya mwezi wa 6. Ndugu yangu, ile yetu ni ya asubui na jua linakuja. Ya kule mu mwezi wa 11 inaingia mu mifupa na inakaa. Beba koti ya kweli, si ile ya kwenda nayo ku misa.

Masomo. Kuko masomo ya luga mingi sana na zingine ni biashara tu. Instituto Cervantes, ile ya serikali ya Uhispania yenye ilianzishwa 1991, iko na liste ya masomo yenye imekubali, iko ku intaneti, anza pale. Kiisha andikia masomo mbili ao tatu wewe mwenyewe, kwa Kifaransa, wanajibu. Uliza wanafunzi wanakuwa wangapi mu klasi. Uliza «saa moja» yao ni dakika ngapi, juu kuko wale wanaita saa na ni dakika 45. Uliza kama siku ya kwanza wanapima nivo, juu nivo zinatoka A1 (ya kuanza) mpaka C2 (ya juu kabisa), na kukuweka mu klasi yenye si yako ni kupoteza wiki nzima. Na uliza hii yenye watu wanasahau: kama viza inakataliwa, wanarudisha makuta ao hapana, na wanakata ngapi.

Ninasema uandike wewe mwenyewe juu mimi nililiwa. Mu town kulikuwa bwana mumoja na ofisi nzuri, kompyuta, bendera kidogo kidogo za Ulaya juu ya meza, akaniambia yeye anajua watu. Miezi mine nilikuwa ninapanda kule, kila mara dola kidogo ya dosie, dola kidogo ya fotokopi, dola kidogo ya «mukubwa». Leti ya masomo yenye alinipatia, nilipoandikia wale wa masomo wakaniambia hawanijue. Makuta hayakurudi. Tangu pale ninalipa masomo kupitia benki, ku konti ya masomo, na bordero ninafungia mu plastiki sawa diplome.

Viza sitakaa sana, lakini ya lazima njo hii. Kama unaenda siku 90 ao chini, ni viza ya Schengen ya mufupi, mutu mukubwa analipa yuro 90 tangu mwezi wa 6 wa 2024. Unaweza kuweka dosie kuanzia miezi 6 mbele ya safari, na isipite siku 15 mbele. Jibu kwa kawaida ni siku 15 lakini inaweza kuvutwa mpaka 45, kwa hiyo usingoje. Asiranse ya safari inapashwa kufunika yuro 30.000 kwenda juu, na dosie inaomba leti ya masomo, fasi ya kulala (leti ya nyumba yenye masomo imekupangia inatosha, njo faida moja ya kulala kwa familia), na alama kama uko na makuta ya kuishi na sababu ya kurudi. Ukitaka kupita siku 90 ni viza ya masomo, ingine kabisa, na ukipita miezi 6 wanaongeza kazie judisiere na karatasi ya munganga, zilegalizwe na zitafsiriwe mu Kihispania. Ambasade ya Uhispania iko Kinshasa, na wewe unajua biye ya Lubumbashi–Kinshasa vile inauma, kwa hiyo usipande ndege bila randevu mu mukono na bila kuhakikisha kila karatasi. Mutu mumoja wa kwetu alifika kule na foto za kipimo kibaya. Foto!

Karte ya chanjo ya homa ya manjano usiisahau, wataiomba ukirudi. Na makuta: badilisha dola kuwa yuro mbele ya kuhitaji haraka. Hapa dola yenye imepasuka kidogo tu tunaikataa, lakini kule hata ile mupya mama wa duka hajui aifanye nini.

Masikio yako iko tayari, ila Kifaransa kitakudanganya

Hapa niko na maneno mingi, munisamehe.

Wafaransa mu klasi yetu walikuwa wanateseka na vokali. Sisi hatuteseke. Kihispania kiko na a, e, i, o, u, tano tu, na zinasomwa vile vile sawa zetu, mesa inasomwa mesa. Ile ñ ya España ni ny yetu ya nyama. Silabi mingi zinafunguka, unasoma vile imeandikwa. Siku ya kwanza profesere alinisomesha, akaniuliza kama baba yangu ni wa Guinea ya Ikweta, juu kule njo inchi moja ya Afrika yenye Kihispania ni luga ya serikali. Nilivimba kichwa siku mbili.

Kiisha kile chenye Wafaransa wanashangaa, sisi tunakijua tangu ziwa la mama: kitendo kinabeba mutu ndani. Hablo ni ninasema, hablas ni unasema, neno moja, si lazima kuweka «mimi» mbele. Tofauti ni sisi tunamuweka mwanzo, wao wanamuweka mwisho. Na ile ser na estar (soy na estoy) yenye inaua watu, wewe tafuta ni na niko. Soy congoleño, mimi ni mukongomani. Estoy enfermo, niko mugonjwa. Estoy en casa, niko ku nyumba. Haikamate fasi zote (zetu za mu kinywa tunachanganya, tunasema «iko mwalimu» na mambo inapita), lakini inakamata fasi mingi ya kutosha kwa miezi ya kwanza.

Kuko na maneno yenye utakuta ni wandugu. Waarabu walitawala kule tangu 711, na ufalme wao wa mwisho ulianguka Granada 1492, kwa hiyo sukari ni azúcar, na hasta ni hata yetu yenye ilitoka ku Kiarabu kimoja. Meza tulipata kwa Wareno na wao wanasema mesa, bendera ni bandera. Ukijua Lingala, sapato ni zapato. Manteka pia iko, lakini angalia: kwao manteca ni mafuta ya nguruwe, siagi ni mantequilla. Kama dini yako inakataza nguruwe, hii ni neno ya kujua mbele ya kupaka mukate.

Kifaransa sasa. Kinakusaidia sana kusoma, kinakuchoma sana kusema. Nombre ni jina, si hesabu. Largo ni murefu. Subir ni kupanda. Salir ni kutoka, si kuchafua. Constipado ni mutu mwenye mafua, kwa hiyo mutu akikuambia iko constipado usimupe dawa ya tumbo. Na embarazada ni mwanamuke mwenye mimba; binti mumoja wa klasi yetu alitaka kusema iko na haya mbele ya baba wa nyumba, akajitangaza iko na mimba, meza yote ikanyamaza.

Shida yetu sisi wenyewe ni l na r. Tusidanganyane, watu wa kwetu tunazichanganya. Kule pelo ni nywele, pero ni lakini, perro na r ya kutetemesha ni imbwa. Nilikuwa ninajizoeza mbele ya kioo ya duka la kunyolea watu. Na z yao pamoja na c ya mbele ya e na i, ku Salamanca ni th ya wale Waswahili wa pwani wanaosema thelathini vizuri. Sisi tunasema selasini, na tukisema vile wanaelewa tu, Amerika ya Kilatini yote inasema s. Usiumize ulimi.

Mu nyumba

Mbele ya kwenda, masomo itakutumia fomu ya familia. Watu wanaijaza ovyo. Andika kweli. Kama hauli nguruwe andika kwa herufi kubwa na urudilie kwa kinywa ukifika, juu nguruwe kwao si chakula tu ni kama chumvi, jamón, chorizo, iko ndani ya dengu bila kukuambia. Kama unaogopa imbwa, andika. Watauliza media pensión ao pensión completa: ya kwanza kwa kawaida ni asubui na chakula kimoja kikubwa, ya pili ni chakula chote. Chukua ya pili kama unaanza, si juu ya tumbo, ni juu kila meza ni somo. Na uliza kama kuko wanafunzi wengine mu ile nyumba na wanasema luga gani. Ukiwekwa na Mufaransa ao Mubelgiji, imekwisha, mutasema Kifaransa mpaka siku ya kurudi.

Ukumbuke pia ile familia inalipwa. Kwa hiyo usijione ombaomba, na usijione patron. Ni kati kati pale, na inaomba akili.

Saa za kula zitakutesa. Chakula kikubwa ni saa 8 ao saa 9 ya muchana, cha usiku ni saa 3, siku zingine saa 4. Wiki ya kwanza nilikuwa ninalala na njaa nikiwaza wamenisahau. Kuko kitu kidogo mangaribi wanaita merienda, usikatae. Nyuma ya chakula cha muchana nyumba inanyamaza, si wote wanalala lakini usipige simu ya sauti kubwa kwa mama yako ku Katuba wakati ule.

Dushi ni dakika tano. Maji ya moto ni gazi na gazi ni makuta, mu nyumba zingine bado ni chupa ile ya rangi ya machungwa inaletwa na gari. Hapa sisi watoto wa ndoo tunashinda wote: unajilowanisha, unafunga, unajipaka sabuni, unafungua. Mama wa nyumba alisema mimi njo mwanafunzi wa kwanza mwenye hakumaliza gazi. Kwa miguu, usitembee bila viatu, hawapendi kabisa, nunua zapatillas za ndani.

Salamu. Sisi tunatoa mukono na ule mwingine unashika kiwiko, unainama kidogo kwa mukubwa. Kule mwanamuke anakubusu mashavu mbili siku ya kwanza, hata mama wa miaka sabini, usirudi nyuma sawa mutu ameona nyoka (nilirudi). Na jina! Kwetu mutoto hataje jina la mama wa mutu, ni mama fulani. Mimi nilimuita señora na usted (ile «vous» yao ya heshima) wiki nzima, akakasirika, akasema unanizeesha, niite jina langu na uniambie tú (ile «tu» ya watu wa karibu). Ilikuwa ngumu kupita kitendo chote cha wakati uliopita. Dawa yenye nilipata: usted kwa wazee wa njiani, munganga, polisi, tú kwa kila mutu mwenye amekuambia umuambie vile.

Sasa vile utafanya ili wakusemeshe, juu hawatakusemesha bure, nao wako na maisha yao. Ingia jikoni. Uliza «¿te ayudo?» (nikusaidie?), chukua kisu, menya viazi. Mu wiki mbili nilijua vyombo vyote, vitendo vyote vya kukata, kukaanga, kugeuza, kumwaga. Kiisha kuko swali moja la dhahabu, nakupatia bure: uliza kama tortilla ya viazi (mayai ya kukaanga na viazi) inawekwa kitunguu ao hapana. «¿Con cebolla o sin cebolla?» Inchi nzima imegawanyika juu ya ile. Ku meza yetu baba alisema bila, mama alisema na kitunguu, babu akaamuka, bibi wa jirani akaitwa, na mimi nilikaa dakika ishirini ninasikiliza Kihispania cha bure bila kufungua kinywa. Siku zenye hauna nguvu ya kusema, tupa ile swali na ukae.

Mupira nao. Sikuwa na maneno mbele ya baba wa nyumba mpaka siku yenye nilisema Lubumbashi, akaniangalia, akasema «¿Mazembe?», kiisha huyu mutu wa miaka karibu sitini akajaribu kuruka juu ya kiti kwa makalio sawa Kidiaba, golikipa wetu. 2010! Kwao ni mwaka wa Kombe la Dunia, kwetu ni mwaka Mazembe ilipiga Internacional ya Brazili mbili bila ikafika finali ya kombe la dunia la klabu, ya kwanza kwa klabu ya Afrika. Mu finali Inter ya Italia ilitufunga tatu, lakini ile hatukukaa sana juu yake. Toka ile siku baba alikuwa ananingoja na gazeti ya mupira, na pale njo nilijifunza kusema yaliyopita: ganó (alishinda), perdió (alipoteza), metió un gol (alifunga goli).

Ku chakula cha usiku jipe kazi moja: hadisia kitu kimoja cha ile siku, kidogo tu, na useme «corrígeme, por favor». Usipoomba, hawakusahihishe, wanakuonea huruma, na huruma haifundishe. Kitu kimoja usikimbilie ni vita yao ya 1936 mpaka 1939. Niliuliza mapema sana, babu akanyamaza, akakunja kitambaa chake cha meza mara ine. Wiki ya saba njo alianza yeye mwenyewe, sikumuuliza, nikasikiliza.

Wapikie mara moja. Bukari ilinipa kazi: ule unga wa mahindi muweupe wa arepas umepikwa tayari, hautoke bukari, unatoka kitu sawa simenti. Chukua unga wa kupika polenta, ni wa manjano lakini unashikana. Sombe hakuna, nilikata spinachi na kuweka karanga. Samaki yao ni nzuri kushinda yenye inatufikia Lubumbashi mu barafu. Babu alikula bukari na kanya, nikamuacha.

Na kama nyumba ni mubaya kweli, chakula kidogo, chumba baridi, hakuna mutu wa kukusemesha? Enda useme ku masomo wiki ya kwanza. Ofisi ya masomo inaweza kukubadilishia. Sisi tunapenda kuvumilia, tunasema «acha tu», kiisha mwezi umepita.

Kutembea

Usitembee sawa mutu wa kupiga foto. Kila kutembea ni klasi ingine kama unauliza njia kwa kinywa hata kama unaijua. Asubui mwambie mama wa nyumba fasi unaenda, atakupa maneno na maneno ya watu. Mangaribi umuletee hadisi.

Salamanca yenyewe anza na Plaza Mayor, ilijengwa kati ya 1729 na 1755, mawe ya rangi ya asali, usiku taa zikiwaka utanyamaza tu. Randevu ya watu wote ni chini ya saa kubwa, «bajo el reloj». Ku ukuta wa mbele wa chuo kikuu kuko chura kidogo sana kamekaa juu ya kichwa cha mufu, wanafunzi wanasema ukikaona bila kusaidiwa utapita ekzame. Mimi nilisimama mpaka shingo ikauma, bibi mumoja akanionyesha, kwa hiyo haikuhesabiwa. Ku mulango wa katedrale mupya kuko astronote amechongwa mu jiwe, watu wanatunga hadisi za ajabu juu yake, lakini aliwekwa wakati wa kutengeneza mulango mu 1992. Kama uko pale tarehe 31 ya mwezi wa 10, usikose: mutu mwenye nguo ya kienyeji wanamuita Mariquelo anapanda munara wa katedrale mpaka juu, kukumbuka tetemeko la Lisbon la tarehe 1 mwezi wa 11 mwaka 1755. Muji wote unaangalia juu. Wazee wakiwa na moyo mudomoni wanasema vitu vyenye haviko mu kitabu.

Ku soko usijipange sawa kwetu kwa kusukuma. Unafika unauliza «¿quién es el último?» (wa mwisho ni nani?), mutu anainua mukono, wewe uko nyuma yake, kiisha unaweza kutembea tembea. Ile sentensi peke yake ilinifungulia masolo mingi kuliko klasi.

Nje ya muji, wikendi. Ávila iko kwa njia ya Madrid, ukuta wake wa zamani umezunguka muji wa zamani wote na unapanda juu yake unatembea. Segovia kuko mufereji wa maji wa Waroma, mawe yamepangwa bila simenti, urefu wake wa kwenda juu unafika karibu mita 28, na umesimama karibu miaka elfu mbili. Sisi tunaweka barabara mvua moja inaibeba. Tordesillas watu wanaipita na busi bila kushuka, lakini kule njo mu 1494 Uhispania na Ureno waligawanya dunia ku karatasi, Afrika yetu ikabakia upande wa Wareno. Nilikaa pale ku mutoni ninawaza, meza yetu na sapato zetu zilipita njia ile.

Madrid wanaenda siku moja na kurudi. Prado, ile nyumba ya michoro, saa mbili za mwisho za siku ni bure: siku ya kazi na posho saa 12 mpaka saa 2 ya usiku, yenga saa 11 mpaka saa 1. Mulongo wa watu ni murefu, fika mbele. Guernica ya Picasso haiko pale, iko Reina Sofía, na kule wanafunga siku ya pili ya kazi. Picasso aliichora 1937, nyuma ya ndege kutupa mabomu ku ule muji. Mutu wa Kongo haombe mufasiri mbele ya ile picha. Granada na Alhambra yake ni mbali, lala kule usiku moja ao mbili, na tiketi inunuliwe mbele sana, iko na jina lako, wanaangalia pasporti ku mulango.

Zawadi: beba malakite. Kidogo, ya kuchongwa, ni ya kwetu na hawajaona. Yangu ilikuwa tembo, sasa iko juu ya televizio yao, paka imeiangusha mara moja na haikuvunjika.

Ukirudi, Kihispania kinaondoka haraka kuliko vile kilikuja, kwa hiyo mimi kila yenga ninawatumia mesaje ya sauti ya dakika tatu na wao wanajibu. Angalia tu saa. Wakati wa joto saa yao na yetu ni sawa sawa, lakini yenga ya mwisho ya mwezi wa 10 wanarudisha saa yao nyuma, saa moja. Mwaka wa kwanza sikujua, nikapiga saa 3 ya asubui ya Lubumbashi, kwao saa 2, yenga, nikamuamusha babu. Akasema maneno matatu. Matatu yote niliyaelewa.